Makro za CNC: hesabu uiandike mara moja tu

Tuseme unatoboa sahani ya chuma kwa mashine ya CNC: matundu 8 yaliyopangwa kwenye duara. Leo nusu kipenyo cha duara ni milimita 50, kesho mteja anataka 65. Utakokotoa upya X na Y ya kila tundu? Hapana, bwana! Tumia makro.

Kwenye mashine zenye mfumo wa Fanuc, hesabu hiyo unaiandika mara moja na kuihifadhi kama programu, mfano O9150. Namba za kuanzia O9000 zinafaa kwa sababu zinaweza kufungwa, mtu asije akazihariri ovyo. Ukiihitaji, unaiita kwa mstari mmoja:

G65 P9150 H8 R50.0 Z-12.0 F100.0

Kila herufi hupeleka namba yake kwenye kisanduku chake: H kwenye #11, R #18, Z #26, F #9. Kesho unabadilisha R tu, basi.

Sasa angalia hapa. Ukisahau Z, #26 inabaki tupu, na tupu si sifuri. Makro ikifika G01 Z#26, mashine inairuka hiyo Z kimyakimya, keekee haishuki. Ndiyo maana mwanzoni mwa makro tunaweka mlinzi:

IF [#26 EQ #0] THEN #3000=1 (KINA HAKIPO)

Mashine itasimama na kukuonyesha ujumbe huo. Na kumbuka, kosa ulilolihifadhi litajirudia kila unapoiita makro. Kwa hiyo ijaribu kwanza hewani, juu ya chuma, kabla hujaifunga.