Bahari Ikichafuka, Nani Anafunga Mlango?

Wikiendi ndefu ikifika, siku hizi wapenzi wengi wanakimbilia baharini. Safi sana. Ila kama mwenzio amekodi boti ya matanga yenye kabini chini, kabla hujauliza friji iko wapi, hebu utazame kwanza mlango wa kushukia ndani. Mimi ndiyo tabia yangu, na mume wangu ameshachoka kunicheka.

Mlango huo mara nyingi hauna bawaba. Ni mbao mbili au tatu zinazopachikwa moja juu ya nyingine kwenye mifereji ya pembeni, na juu yake kuna kifuniko kinachoteleza. Kwenye boti nyingi nafasi hiyo ni pana juu, nyembamba chini, kwa hiyo ukiinua ubao kidogo tu umeshatoka. Raha! Karaha yake ni kwamba boti ikipinduka, ubao nao unachomoka wenyewe, na bahari inaingia bila hodi. Ngalawa zetu ziko wazi, maji yakiingia mnakumba. Hapa yanajaa chumba kizima.

Dunia ilijifunza hili kwa uchungu Agosti 1979. Boti 303 ziliondoka Cowes, Uingereza, kwenye mashindano ya Fastnet: unazunguka mwamba wa Fastnet kusini mwa Ayalandi, kisha unarudi kumalizia Plymouth. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 dhoruba ikawakuta katikati. Mabaharia 15 wa mashindano walikufa. Boti 24 zilitelekezwa, na 5 kati ya hizo zikazama. Nyingine zilikutwa baadaye zikiwa bado zinaelea. Waliochunguza mkasa ule waliinyooshea kidole milango ya kabini: mbao zilikuwa zikichomoka na kupotea. Wakataka zifungwe imara, lakini ziweze kufunguliwa kutoka juu na kutoka chini.

Hapo kwenye juu na chini ndipo wapenzi mtege sikio. Tuseme baba yuko nje kashika usukani, mama yuko ndani anatapika (au kinyume chake, jamani, tusibaguane). Komeo likiwa ndani peke yake, wa nje kafungiwa nje na mawimbi. Likiwa nje peke yake, wa ndani yuko gerezani, na wimbi likimchukua mwenzie hana wa kumfungulia. Ndiyo maana sheria za mashindano ya bahari kuu zinataka kizuizi cha mlango kifanye kazi pande zote mbili, hata boti ikiwa miguu juu, na kila ubao ufungwe kwa kamba kwenye boti ili usipotee.

Gharama si ya kutisha. Komeo dogo la chuma kisichoshika kutu kwa kila ubao, linalopenya hadi upande wa pili. Kamba fupi. Kishikizo cha kuzuia kifuniko kisiteleze. Ubao wenyewe uwe mnene. Vijiplaiwudi vyembamba vya mapambo waachie watu wa marina.

Na msisubiri dhoruba ndipo muanze kutafuta mbao chini ya magodoro! Upepo ukianza kuongezeka, pachika ubao wa chini, ili maji yakijaa kwenye nafasi ya usukani yasimwagike ndani. Wa juu unaweza kusubiri kidogo, maana kabini iliyofungwa yote inakuwa tanuri, na kichefuchefu ndipo kinapokolea. Mawimbi yakianza kuvunjikia juu ya boti, funga vyote. Anayetoka anase kwanza mkanda wake wa usalama kwenye pete iliyo karibu na mlango akiwa bado ndani. Anayeingia anaunasua akishafika chini.

Fanyeni zoezi mkiwa mmetia nanga, usiku, taa zimezimwa. Mmoja nje, mmoja ndani, kila mtu afungue na kufunga kwa kupapasa. Kisha badilishaneni.