Kutu Yenye Faida: Kuondoa Chuma Kwenye Madini ya Titani

Ukiwa Matwebe au popote wilayani Rungwe, unajua kuwa jembe likiachwa nje wakati wa mvua hushika kutu. Katika mada hii utaona jinsi kutu hiyo hiyo inavyotengenezwa kiwandani kwa makusudi.

Ilmenaiti (FeTiO₃) ni madini meusi yenye titani na chuma. Mchanga wake ulichimbwa Kwale, Kenya, hadi mwisho wa 2024. Liganga, wilayani Ludewa, titani imo ndani ya mawe ya chuma. Titani dioksidi (TiO₂) hutengenezea rangi nyeupe ya kupaka, lakini chuma kikibaki huharibu weupe wake. Kwa hiyo lazima kiondolewe.

Njia ya Becher, iliyobuniwa Australia Magharibi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ina hatua kuu tatu:

1. Kuondoa oksijeni. Ilmenaiti huchomwa pamoja na makaa ya mawe kwenye tanuri lenye joto la takribani nyuzi 1,200 za Selsiasi. Chuma hubaki kama metali ndani ya punje.
FeTiO₃ + CO → Fe + TiO₂ + CO₂

2. Kutia kutu. Punje huwekwa kwenye maji yenye amoniamu kloridi kidogo, na hewa hupulizwa humo. Chuma hutoka kwenye punje, hushika kutu nje yake, kisha kutu hiyo laini huoshwa.
4Fe + 3O₂ → 2Fe₂O₃

3. Kusafisha. Asidi salfuriki iliyozimuliwa huyeyusha chuma kilichosalia.

Zingatia: Amoniamu kloridi ni kichocheo. Huharakisha mmenyuko bila kutumika, ndiyo maana haimo kwenye mlinganyo. Bila hiyo, kutu ingejikusanya ndani ya vitundu vya punje na kuviziba. Usiseme makaa ya mawe ni kichocheo, kwani yenyewe huungua na kwisha.

Swali: Tani 152 za ilmenaiti safi zina tani ngapi za TiO₂? (Fe = 56, Ti = 48, O = 16)

Jibu: FeTiO₃ = 56 + 48 + (3 × 16) = 152. TiO₂ = 48 + (2 × 16) = 80. Hivyo ni tani 80. Tani 72 zilizobaki ni chuma na oksijeni, mzigo ambao meli hubeba bure madini yakisafirishwa yakiwa ghafi.