Saa yenye pembe

Saa nyingi za mkono ni za duara, zikiwemo zile za bei ya nyumba, na sababu yake si urembo peke yake. Duara ni umbo la mashine ya kukereza: chuma kinazungushwa, kisu kinatulia, na ukingo unatoka sawa pande zote. Kioo cha duara hukatwa vivyo hivyo, mfuniko wa nyuma hutiwa uzi ukafungwa kwa kuzungushwa, na mashine ya ndani, ambayo nayo ni mkusanyiko wa magurudumu, hukaa humo bila kuacha nafasi tupu. Saa ya pembe nne, ya umbo la pipa, la mto au la pembe nane haipati hata msaada mmoja kati ya hiyo. Kwa hiyo duara huficha mengi, na pembe huyafichua. Dai langu katika sura hii ni kwamba ubora wa saa ya namna hii husomwa kwenye pembe zake, kabla ya jina la kampuni na kabla ya madini iliyotengenezwa nayo, na kwamba usomaji huo haukamiliki mpaka saa ivaliwe.

Tuanze na umbo lenyewe. Mwaka 1904 Louis Cartier wa Paris alimtengenezea rubani Mbrazili Alberto Santos-Dumont saa ya mkono ya mraba, na mwaka 1917 akabuni Tank, ambayo inasemekana ilitokana na kifaru cha Renault kikitazamwa kutoka juu. Katika Tank, fito mbili za pembeni zinashuka moja kwa moja na kuwa ndizo zinazoshika mkanda. Hakuna masikio yaliyobandikwa baadaye. Hapo ndipo jicho linapopaswa kwenda kwanza. Je, mstari wa ufito unakwenda bila kuvunjika mpaka kwenye mkanda? Je, ukingo wa kioo unaachana na chuma kwa nafasi ileile pande zote nne, au kona moja imebana na nyingine imeachia? Mnunuzi wa mashua huko Kiongoroni, katika delta ya Rufiji, haanzi na rangi. Hutazama jinsi mbao zinavyokutana, maana kalafati na rangi vinaweza kufunika ubao uliokatwa vibaya kwa msimu mmoja, lakini si kwa miwili. Dukani, mng'aro ndiyo rangi.

Mng'aro una njia yake ya kupimwa. Shika saa chini ya taa ndefu, au geukia dirisha, kisha iinamishe taratibu ili mstari wa mwanga upite juu ya chuma. Kwenye uso bapa uliosuguliwa vizuri mstari huo hubaki umenyooka mpaka ukingoni, halafu hukatika ghafla. Kwenye uso uliosuguliwa kwa pupa mstari hupinda kadiri unavyokaribia kona, kwa sababu gurudumu la kung'arishia limekula ukingo. Vijitaa vikali vya dukani vimewekwa ili kila kitu kimetemete, kwa hiyo omba kwenda kwenye mwanga wa kawaida. Muuzaji anayeijua biashara yake hatashangaa. Tazama pia pale sehemu iliyokwaruzwa kwa mistari myembamba inapokutana na sehemu inayong'aa. Audemars Piguet ilipotoa Royal Oak mwaka 1972, iliyochorwa na Gérald Genta, ilithubutu kuuza chuma cha pua kwa bei iliyozoeleka kwa dhahabu. Bei hiyo haikutetewa na madini. Ilitetewa na mipaka hiyo midogo ya ukingo wa pembe nane, ambako chuma kisicho na thamani kubwa kimefanyiwa kazi ya saa nyingi.

Mtu atapinga kwamba hoja hii ni ya zamani, kwa kuwa siku hizi mashine zinazoongozwa na kompyuta hukata pembe yoyote kwa usahihi kuliko mkono wa binadamu. Ni kweli, na ndiyo maana hata saa za bei ya chini sasa zina makasha yaliyokatwa vizuri. Lakini kukata ni nusu ya kazi. Chuma kikitoka kwenye mashine kina alama za kisu, na kuziondoa bila kuviringisha kona bado kunahitaji muda na fundi anayejua mahali pa kuacha. Muda huo ndio unaopunguzwa kwanza gharama zinapobanwa. Kompyuta imefanya pembe mbaya kabisa iwe nadra, ila pembe nzuri kabisa imebaki adimu kama zamani.

Sasa ivae. Vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi vilitungwa kwa ajili ya duara, ambako namba moja inatosha. Mraba wenye upana sawa na duara unafunika eneo kubwa zaidi kwa kiasi cha asilimia 27, kwa hiyo saa ya mraba ya milimita 39 huonekana mkononi kubwa kuliko ile ya duara yenye namba hiyohiyo. Mstatili nao hudanganya kwa namna nyingine: Tank Must kubwa ina milimita 33.7 kwa 25.5, vipimo vinavyosikika kama vya saa ya mtoto, lakini mkononi hukaa vizuri kwa sababu urefu wake unafuata mkono. Reverso kubwa ya Jaeger-LeCoultre ina milimita 45.6 kwa 27.4, na kwa mkono mwembamba urefu huo unaweza kuning'inia kando. Kunja kifundo cha mkono, egemea kwenye kaunta, kunja ngumi. Kona ikichoma hapo dukani, itachoma kila siku.

Ukiwa bado umeivaa, soma saa. Kwenye mstatili, mshale wa dakika hauwezi kuwa mrefu kuliko upande mwembamba unavyoruhusu; hugusa mstari wa dakika kwenye 3 na 9, lakini kwenye 12, 6 na konani hubaki nyuma. Mchoraji mzuri huziba pengo hilo kwa kusogeza mstari wa dakika ndani au kwa kurefusha tarakimu. Mchoraji mvivu huliacha, na mvaaji hukisia. Kwetu kuna jaribio la ziada ambalo sijaona likitajwa na waandishi wa Uswisi. Wengi wetu tunaosema saa mbili asubuhi mshale ukiwa kwenye 8 tunasoma tarakimu iliyo mkabala. Mstatili, pipa na pembe nane vinaturuhusu, kwa kuwa kila tarakimu ina mwenzake upande wa pili wa kitovu. Crash, ambayo Cartier ya London iliitoa mwaka 1967 ikiwa kama saa iliyoyeyuka, inavunja utaratibu huo. Ni saa nzuri kutazama, na kwa msomaji wa Kiswahili ni ya kusumbua kidogo.

Pingamizi zito zaidi ni la wapenzi wa mashine. Wao husema kasha ni nguo tu, na kwamba saa nyingi zenye pembe zina mashine ya duara iliyochomekwa ndani, au hata mashine ya betri. Ni kweli kwamba kutengeneza mashine yenye umbo la kasha ni kazi ya heshima: mwaka 1929 LeCoultre walitoa Calibre 101, kijiti chenye urefu wa milimita 14 na uzito wa takriban gramu moja. Lakini Reverso yenyewe ilipotoka mwaka 1931, ikiwa na kasha linalogeuka ili kioo kisivunjwe kwenye mchezo wa polo huko India, ilianza na mashine zilizonunuliwa kwa Tavannes. Kilichoifanya idumu ni reli ya kasha lile na mlio wake wa kujifunga. Muulize muuzaji kuhusu mashine, ujue unalipia nini, na ukatae kuuziwa betri kwa bei ya magurudumu. Hata hivyo mashine unaweza kuisoma kwenye karatasi. Kona huwezi.

Mahali ambapo saa yenye pembe hushindwa kweli ni kwenye maji. Rolex Oyster ya mwaka 1926 ilizuia maji kwa kufunga mfuniko kwa uzi, na uzi unahitaji duara. Mfuniko wa pembe nne hubanwa au hutiwa skrubu kwenye kona, na raba yake haibanwi kwa nguvu sawa kila mahali. Heuer walipochukua kasha la mraba lisilopitisha maji la Piquerez na kutengeneza Monaco mwaka 1969, ilikuwa habari kubwa kwa sababu hiyohiyo. Tank Must na Reverso huandikwa mita 30, na namba hiyo ni shinikizo la maabara, wala si ruhusa ya kuzama. Kwa mtu anayevuka kwa boti kutoka Nyamisati, kwenye delta hiyo ya Rufiji, anayesukuma mtumbwi kwenye matope ya mikoko, maji ya chumvi na jasho vikiingia kila siku, saa hizo hazifai kwa kazi, na duka lisilosema hivyo linaficha jambo. Kati ya nakshi zote za kifahari, pengine picha ya mwezi inayofuata kukua na kupungua kwake tu ndiyo ingemfaa mvuvi, kwani inaonyesha bamvua inapokaribia na maji mafu yanapoanza.

Basi, nani wa Kiongoroni atanunua vitu hivi? Karibu hakuna, na sura hii haikuandikwa ili wanunue. Saa yenye pembe wanayo tayari. Casio F-91W, iliyotoka mwaka 1989, ina kasha la plastiki lenye kona zilizokatwa, upana wa milimita 35.2 kwa urefu wa 38.2, uzito wa gramu 21, na betri iliyokusudiwa kudumu takriban miaka saba. Nayo huigwa. Wengi wanajua jaribio la kubana kitufe cha kulia kwa sekunde tatu mpaka jina la kampuni litokee kwenye kioo, ila maandishi mwigaji anaweza kuyapachika. Mnunuzi ageuze saa ubavuni, atazame pale nusu mbili za kalibu zilipokutana kwenye kona, apitishe ukucha. Kalibu nzuri ni ghali, na mwigaji wa bidhaa ya bei ndogo hana sababu ya kuilipia.