Mbwa Mdogo Anayejikuna: Mtazame Kwanza, Dawa Baadaye

Boma nyingi katika skimu za makazi zina mbwa. Hata akiwa mdogo wa kubebwa kwa mkono mmoja, ana kazi yake. Hubweka mgeni anapofika usiku, humfukuza nguchiro asile vifaranga, na huandamana na watoto wanapochunga ndama. Lakini mbwa anayejikuna usiku kucha hapumziki, hukonda, na kazi humshinda. Tena baadhi ya wadudu wanaomwasha waweza kuwasumbua watoto wanaocheza naye.

Tuseme mkulima ana mbwa wa kilo 5. Mbwa huyo anajiuma karibu na mkia mpaka manyoya yameng'oka. Mkulima amebakiwa na dawa ya kuogeshea ng'ombe. Anajiambia, "Ikiwa inaua kupe wa ng'ombe, viroboto wa mbwa ni nini?" Basi anaichanganya kwa kukisia tu na kumpaka mbwa wake.

Hapo ndipo hatari ilipo. Ng'ombe wa kilo 300 ana uzito wa mbwa 60 kama huyo. Ngozi iliyochubuka hupitisha dawa upesi, na mbwa hujilamba, kwa hiyo sumu humwingia pia kwa mdomo. Muda si mrefu aweza kutokwa na udende, kutapika, kutetemeka, kuyumbayumba, hata kufa. Dawa ya sindano ya ng'ombe pia ni ya kuogopwa, maana kosa dogo la kipimo ni kosa kubwa kwa mnyama mdogo. Mafuta ya taa na mafuta machafu ya gari nayo huunguza ngozi, na humdhuru akiyalamba.

Kwa hiyo jambo la kwanza si dawa, bali ni kutazama. Mweke mbwa mahali penye mwanga, mtu mmoja amshike vizuri kichwa, kwa sababu mbwa mwenye maumivu aweza kumwuma hata mwenyewe. Kisha fungua manyoya polepole, ukitafuta dalili hizi:

Viroboto. Hawa ni miongoni mwa sababu za kawaida kabisa. Hupenda kiuno na shina la mkia. Hata usipowaona, chana manyoya juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. Vumbi jeusi likianguka na kutoa rangi nyekundu kama kutu, hicho ni kinyesi cha viroboto, na rangi ile ni damu ya mbwa wako. Kuna mbwa ambao ngozi yao haipatani na mate ya kiroboto. Hao wakiumwa mara chache tu huwashwa kwa siku nyingi.

Ukurutu. Huletwa na kijidudu kidogo mno kinachochimba ndani ya ngozi. Mara nyingi huanzia ncha za masikio, viwiko na vifundo vya miguu ya nyuma. Mwasho wake ni mkali sana, na ngozi hufanya magamba. Huambukiza mbwa wengine, na watu wanaomshika waweza kutokwa na vipele vinavyowasha.

Choa. Huonekana kama mabaka ya duara yasiyo na manyoya. Huenda yasimwashe sana mbwa, lakini huambukiza watu, hasa watoto.

Kupe na funza. Watafute kupe ndani ya masikio, shingoni na kati ya vidole. Funza huingia kwenye nyayo, na mbwa hulamba miguu na kuchechemea.

Ukiona viroboto, yafaa ujue jambo ambalo wengi hulisahau. Kiroboto jike aweza kutaga mayai 20 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo hayakai juu ya mbwa, bali huanguka kwenye gunia analolalia na katika nyufa za sakafu ya udongo. Huko watoto wa kiroboto hukua, hujifungia ndani ya vifuko vidogo, na waweza kungoja humo kwa wiki nyingi. Ndiyo sababu mkulima huua viroboto leo, na baada ya siku chache huwaona tena, akadhani dawa ni mbovu. Kumbe aliutibu mwili wa mbwa akasahau kitanda chake.

Basi fanya hivi:

1. Mpime mbwa uzito, kisha nunua dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa mbwa wa uzito huo. Soma karatasi yake, hasa ikiwa ni mtoto wa mbwa.

2. Tibu mbwa wote wa boma siku moja. Paka naye apewe dawa ya paka, kwa kuwa baadhi ya dawa za mbwa humwua paka.

3. Choma gunia la zamani au lifue kwa maji ya moto na kulianika juani. Fagia anapolala kila siku, na takataka zichomwe.

4. Rudia dawa kwa wakati ulioandikwa, hata kama mwasho umekwisha. Yafaa uendelee kwa miezi 3.

5. Usimwogeshe kwa sabuni ya unga ya kufulia, maana hukausha ngozi na kuzidisha mwasho.

Ukiona dalili za ukurutu au choa, ngozi ikitoa usaha au harufu mbaya, au mwasho usipopungua, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Watoto wasimshike kwa wakati huo. Wakiwa wameanza kujikuna wao pia, wapelekwe zahanati.

Na ikiwa dawa ya ng'ombe imekwisha kumpata, usingoje uone itakavyokuwa. Vaa mipira ya mikono, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, usimtapishe wala kumnywesha maziwa, kisha umwahishe kwa daktari. Chukua na chupa ya dawa, ili daktari ajue ni sumu gani.

Mkulima mwema hanyunyizii mahindi dawa kabla hajajua ni mdudu gani anayeyala. Mbwa wako naye astahili kutazamwa vivyo hivyo.