Gari likichemsha, mtaji huyeyuka

MSIMU wa mahindi unapofika mkoani Ruvuma, gari linakuwa sehemu ya mtaji kama ilivyo fedha taslimu. Mzigo unaonunuliwa Mpitimbi na vijiji jirani, katika barabara itokayo Songea kwenda Muhukuru na Mkenda mpakani na Msumbiji, hauna faida yoyote mpaka ufike kwenye mzani, uwe wa soko la mjini au wa kituo cha Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA). Kati ya shamba na mzani huo wapo wanaopoteza fedha bila bei ya mahindi kuyumba hata kidogo. Kinachowaangusha ni maji ya rejeta.

Tufanye hesabu ya mfano. Canter moja inabeba magunia 35 ya kilo 100, na tuseme nauli ya gunia ni Sh 3,000. Safari moja ni Sh 105,000. Kwa safari tatu za wiki mwenye gari anaingiza Sh 315,000 kabla ya mafuta na posho ya dereva. Gari likiua hedi na kulala gereji wiki tatu, Sh 945,000 zimekwenda, na hapo fundi hajalipwa wala spea hazijanunuliwa. Mara nyingi chanzo cha hasara yote hiyo ni mpira uliochanika au kifuniko cha rejeta kilichochoka, vitu vya bei ndogo kabisa katika duka la spea.

Kwa nini kifuniko ni muhimu

Karibu theluthi moja ya nguvu iliyomo katika mafuta yanayoungua ndani ya injini huishia kwenye maji ya kupoozea. Maji hayo yasipoitoa nje kupitia rejeta, injini inajipika yenyewe.

Katika usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzijoto 100. Kila unapopanda mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka kwa nyuzi moja. Songea iko juu ya mita 1,000, na maji ya sufuria huko huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ukipandisha mzigo hadi Njombe, ambako ni karibu mita 2,000, yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachookoa hali: hubana maji kwa mgandamizo na kusogeza kiwango cha kuchemka juu kwa nyuzi 20 au zaidi. Mpira wake ukikauka au springi ikilegea, gari lililokuwa zima tambarare litachemsha mlimani. Mwenye gari anayefunika rejeta kwa kitambaa na kipande cha plastiki anajidanganya.

Ukaguzi wa asubuhi

Kazi hii inafanyika nyumbani, injini ikiwa imelala usiku kucha na imepoa kabisa. Rejeta ya moto haifunguliwi kwa sababu yoyote ile, kwani maji hufyatuka na kuunguza uso na mikono. Kama gari limetoka safari, subiri hadi rejeta na mipira viweze kushikwa kwa mkono bila kuunguza.

Kwanza, fungua kifuniko na utazame maji. Yanatakiwa yajae hadi shingoni. Yakiwa mekundu kama matope, kutu imeanza kula ndani. Yakiwa na utando wa mafuta, soma sehemu ya hedi hapa chini.

Pili, minya mipira ya rejeta, wa juu na wa chini. Mpira mzuri unabonyea na kurudi. Ulio laini kama mkate, uliovimba au wenye nyufa ubadilishwe kabla ya safari. Ule wa chini ukilegea, pampu huuvuta ukajibana wakati injini inapozunguka kwa kasi, na maji hayapiti.

Tatu, kagua fenibelti. Ikiwa imepasuka au imelegea sana, feni na pampu ya maji havizunguki inavyotakiwa. Tazama pia chini ya pampu; maji yakidondoka kwenye tundu lake dogo, sili imekwisha.

Nne, tazama uso wa rejeta. Baada ya msimu wa mavuno mapezi yake huziba kwa makapi, majani, vumbi na wadudu. Osha kwa maji ya kawaida kutoka upande wa injini kwenda mbele. Presha kali hulaza mapezi.

Linachemsha wakati gani?

Hilo ndilo swali la kumuuliza dereva, na jibu lake linapunguza gharama ya kubahatisha spea.

Likichemsha likiwa limesimama au kwenye foleni, kisha likapoa linapokimbia, shaka iwe kwenye feni: belti, feni klachi, au mota na fyuzi kwa magari yenye feni ya umeme.

Likichemsha mlimani na mzigo huku tambarare likiwa salama, shaka iwe kwenye rejeta iliyoziba, mpira wa chini unaojibana au kifuniko.

Likichemsha dakika chache baada ya kuwashwa, huenda maji ni pungufu, kuna hewa ndani, au themostati imekwama. Themostati inapimwa jikoni: itumbukize katika sufuria ya maji uyachemshe. Nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, hivyo hata Songea ifunguke kabla maji hayajachemka. Isipofunguka, nunua mpya. Wapo mafundi wanaoing'oa na kuliacha gari bila themostati. Mshale unashuka na mteja anafurahi, lakini injini inafanya kazi ikiwa baridi, inakula mafuta zaidi na kulika mapema.

Maji yakipungua kila siku bila kuonekana yanakovuja, jiandae kwa habari ya gasketi ya hedi. Dalili zake ni mapovu yasiyokoma kwenye rejeta injini inapounguruma, moshi mweupe usioisha hata gari likipata moto, mipira kuwa migumu mara tu baada ya kuwasha, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Hapo kazi ya nyumbani imekwisha; gari livutwe hadi gereji.

Maji gani yatumike

Maji ya mto na kisima yana chumvichumvi na tope vinavyoganda katika mirija. Kuleanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi huzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Tahadhari: aina nyingi ni sumu yenye ladha tamu. Usiimwage uani penye watoto, mbuzi au mbwa.

Kwa anayenunua gari lililotumika

Mwekezaji mdogo anayetafuta pikapu au Canter ya mkononi afike kwa muuzaji asubuhi na aombe gari lisiwashwe kabla yake. Akikuta injini imeshapata moto, arudi siku nyingine. Afungue rejeta na kifuniko cha oili mwenyewe, kisha aliendeshe mlimani kwa nusu saa huku akitazama mshale. Rangi mpya haifichi hedi iliyokwisha kupinda.

Hesabu ya jioni

Uharibifu mkubwa hutokea baada ya mshale kupanda, dereva anaposema, "Nifike tu pale mbele." Mara nyingi husema hivyo kwa sababu tajiri anangoja hesabu ya siku, na anayerudi bila hesabu anaonekana mwizi. Tajiri wa namna hiyo ndiye anayeiua injini yake. Mkataba na dereva useme wazi: mshale ukipanda, zima kiyoyozi na ufungue hita, usiposhuka, egesha na uzime injini, na hesabu ya siku hiyo imesamehewa. Usimwagie injini ya moto maji baridi, kwani hedi hupasuka. Mshale ukishuka ghafla huku injini ikinuka moto, usishangilie. Huenda maji yamekwisha kabisa na kipimo hakina cha kupima.

Tenga kiasi kidogo katika kila safari kwa ajili ya kifuniko, mipira, belti na kuleanti, na uandike katika daftari kama unavyoandika mafuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na msimu wa kununua mahindi haumngojei aliye gereji.