BAADA YA UPASUAJI WA TITI: JE, KEMOTHERAPI NI LAZIMA?

Ndugu msomaji, wapo akina mama ambao baada ya kufanyiwa upasuaji wa saratani ya titi na kidonda kukauka hurudi nyumbani Kondoa, Mpwapwa au Kongwa wakiamini yamekwisha. Daktari akitaja kemotherapi, yaani dawa za kuua seli za saratani ambazo mara nyingi hutolewa kwa dripu, familia hushituka na kuuliza: "Si uvimbe wote umeshatolewa?"

Swali hilo ni la haki. Upasuaji huondoa uvimbe unaoonekana. Lakini chembe ndogo za saratani huweza kuwa zimeshasafiri kwa njia ya damu kabla ya kisu, na hakuna jicho wala picha inayoweza kuziona. Kemotherapi baada ya upasuaji hulenga chembe hizo. Hata hivyo si kila mgonjwa anaihitaji.

Je, daktari anajuaje nani anaihitaji? Haangalii kovu, anaangalia majibu ya maabara. Nyama iliyotolewa hupimwa, na majibu yake yanatakiwa kueleza mambo haya:

1. Ukubwa wa uvimbe kwa sentimita.
2. Tezi za kwapani ngapi zilipimwa na ngapi zina saratani.
3. Ukali wa seli, daraja la 1 hadi la 3.
4. Kama saratani hiyo inalishwa na homoni.
5. Kama ina protini ya HER2 kwa wingi.

Mama ambaye uvimbe wake ni mdogo, tezi zake ni safi na saratani yake inalishwa na homoni, mara nyingi huweza kutosheka na vidonge vya kuzuia homoni, kama tamoksifeni, kwa miaka 5 au zaidi. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2018, ulioshirikisha wanawake zaidi ya 10,000, ulionyesha kuwa wengi wa kundi hilo wasio na HER2 hawapati faida ya ziada kwa kemotherapi. Utafiti huo ulitumia kipimo cha jeni cha gharama kubwa. Pasipo kipimo hicho, daktari huamua kwa mambo matano tuliyoyataja, pamoja na umri na afya ya mgonjwa.

Lakini ikiwa tezi kadhaa zina saratani, au saratani hailishwi na homoni wala haina HER2, kemotherapi huwa muhimu sana, kwa kuwa vidonge vya homoni haviisaidii aina hiyo. Yenye HER2 nayo kwa kawaida huhitaji kemotherapi pamoja na dawa yake maalumu.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka hospitali, muulize daktari: Nyama imepelekwa maabara gani? Majibu yatatoka lini? Kipimo cha homoni kimefanyika? Weka nakala ya majibu nyumbani. Usikae ukisubiri kuitwa. Tafiti zimeonyesha kuwa kuanza kemotherapi baada ya siku 90 tangu upasuaji hupunguza matumaini ya kupona. Kwa walio Dodoma, ushauri unaweza kuanzia Hospitali ya Benjamin Mkapa. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, na tangu mwaka 2024 treni ya SGR imeifanya safari hiyo kuwa fupi.

Dawa hizi zina madhara: kichefuchefu, kunyonyoka nywele na kupungua kwa kinga. Nywele kwa kawaida huota tena. Lakini homa ya nyuzi 38 au zaidi ni dharura, mgonjwa apelekwe hospitali hata kama ni usiku wa manane. Mama ambaye bado anatarajia kuzaa aseme mapema, kwani dawa zinaweza kuathiri uzazi.

Na ikifika Ramadhani, dini yetu imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Aliye kwenye dripu asijilazimishe kufunga. Anayetumia kidonge kimoja kwa siku na ana nguvu, amuulize daktari kama anaweza kukinywa wakati wa daku au futari.

Enyi akina baba, mfuateni mama kwa daktari, msikilize pamoja, kisha mshauriane. Kukataa dawa kabla ya kusoma majibu si tawakkul. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta tiba.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.