Jaji Asiye na Hiari

Mtu akitiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia katika Mahakama Kuu ya Tanzania, jaji hana tena cha kupima. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinataja adhabu moja tu: kifo, na sheria inaelekeza kiwe cha kunyongwa. Wanaoepushwa ni wajawazito na waliotenda kosa kabla ya kutimiza miaka 18. Muuaji wa kukodiwa na mwanamke aliyemuua mumewe baada ya miaka mingi ya kipigo husomewa hukumu ile ile.

Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya aliamua, katika shauri la Mbushuu, kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inamdhalilisha binadamu, lakini ikasema Katiba inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma. Kitanzi kikabaki.

Na kitanzi chenyewe kina hesabu ya kutisha. Urefu wa kamba hupangwa kulingana na uzito wa mwili. Ikiwa fupi mno, shingo haivunjiki na mtu hukabwa polepole. Ikizidi urefu, kichwa hung'oka. Waingereza waliandaa majedwali ya vipimo tangu karne ya 19, lakini Januari 2007 mjini Baghdad, Barzan Ibrahim al-Tikriti, ndugu wa kambo wa Saddam Hussein, alikatika kichwa aliponyongwa. Marekani nayo imehama kutoka kamba hadi kiti cha umeme, chumba cha gesi, kisha sindano ya sumu. Januari 2024 jimbo la Alabama lilimuua Kenneth Smith kwa gesi ya nitrojeni, baada ya jaribio la sindano kushindikana mwaka 2022. Walioshuhudia walimwona akitetemeka na kujipinda kitandani kwa dakika kadhaa. Zaidi ya karne moja ya kutafuta njia safi ya kuua haijaipata.

Novemba 28, 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kunakiuka haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kunavunja utu. Iliipa Tanzania mwaka mmoja kuondoa ulazima huo katika sheria zake.

Ni kweli kwamba Tanzania haijamnyonga mtu tangu 1994, na mwaka 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba hatatia saini amri za kunyonga. Lakini uhai wa mfungwa hautakiwi kutegemea moyo wa aliyeko Ikulu. Hukumu zinaendelea kutolewa, na waliohukumiwa wanazeeka gerezani wakisubiri siku wasiyoijua.

Uchungu wa familia za waliouawa ni mzito, na muuaji lazima aadhibiwe vikali. Kumrudishia jaji hiari hakumwachii mtu huru. Mahakama ya Juu ya Uganda iliondoa ulazima huo mwaka 2009 katika shauri la Susan Kigula, na ya Kenya ikafanya hivyo kwa kosa la mauaji mwaka 2017, katika shauri la Muruatetu. Nchi zote mbili bado zina adhabu ya kifo katika vitabu vya sheria, lakini majaji wao husikiliza kwanza kisa cha mshtakiwa ndipo wapange adhabu. Bunge la Tanzania halina haja ya kusubiri mahakama nyingine iseme. Lirekebishe kifungu cha 197 sasa.